Mama wa kwenye mchezo na kimono chake

Setsuko, uko hapo? Leo nimemwaibisha mjukuu wangu mbele ya watu elfu tatu!

Kotone alikuwa anacheza mchezo mpya wa kutisha kwenye kompyuta, watu wanamtazama mtandaoni, wenye mchezo wanamlipa. Mimi nimepeleka chai tu, mwenzangu. Chai tu!

Kwenye skrini nyumba imenyamaza, mama anakoroga supu. Natazama kimono chake, upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto. Tunavyovalisha maiti!

Nikaropoka, "Wee Kotone, huyo mama si amekufa!"

"Bibi! Umetoboa siri! Wenye mchezo hawatanipa kazi tena!" Machozi yanamlengalenga.

Watazamaji nao hofu tupu. Mama akishika mwiko tu, wanaandika mayowe.

Ngoja sasa. Wenye mchezo wakaandika hapo hapo kwamba mama yuko hai, ila mchoraji wao kijana hajui kimono kinavyovaliwa. Yuko hai, Setsuko! Nimezika mzima!

Watu wakapoa, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Waliobaki wanaandika, "Bibi, muue tena!"

Sasa hivi wenye mchezo wameandika upya. Wamekaa kikao, wameafikiana kwamba mama amekufa. Na Kotone aendelee kesho, ila aje na bibi yake.