Kiti Kilichokatwa Miguu

Jumamosi usiku, Igoma

Bado nastaajabu. Kile kiti cha miaka ya sitini nilichonunua Kisesa kwa Bibi Kabula, chenye mgongo uliopinda vizuri na mikono myembamba, leo nimekigeuza ili nikipige msasa. Kumbe miguu yote minne imekatwa kwa msumeno! Niliudhika. Nani anaharibu kazi ya fundi namna hii?

Nikatafuta mbao ya kuirefusha, lakini udadisi ukanishinda, nikampigia bibi simu.

“Shikamoo bibi. Nani alikata miguu ya kiti?”

“Marahaba. Marehemu mume wangu.” Akacheka. “Mimi ni mfupi. Nilikuwa nikinyonyesha, miguu inaning'inia, mgongo unauma. Siku moja nimerudi toka shambani, nikakuta ameshakikata. Wanangu wote nimewalelea hapo.”

“Sasa mbona umekiuza?”

“Wao wanataka masofa. Wewe ulikipapasa kama mtoto mchanga.”

Basi, sikirefushi. Kitabaki kifupi hivyo hivyo, nitakipaka mafuta tu. Nimemwambia nikimaliza aje akikalie, na akikitaka nitamrudishia.

Nilimaanisha. Ila naogopa atakitaka.