Kengele Niliyoiziba Mimi

Mpendwa Baba Gumato,

Salaam aleikum. Barua hii nimeiacha bila gundi. Afisa wa hapa Isiolo ameniambia nisifunge bahasha kwa sababu itafunguliwa mara nyingi kabla haijakufikia, na mimi nikaona afadhali iende wazi tangu mwanzo, kama mtu anayetembea na mikono nje ya shuka. Wote watakaoisoma njiani nawasalimu. Na wewe unayemsomea mume wangu, maana yeye hakuingia shule, tafadhali soma polepole, umfasirie kwa lugha yetu. Ukifika kwenye habari ya kengele usiruke hata neno moja.

Kwanza mtoto, najua hilo ndilo unalolingoja. Gumato anatembea. Anaanguka, anasimama, hata halii. Masikio ni yako na ukaidi ni wa mama yako. Akko, huyo mama yako mwenyewe, yuko salama pale kambini Garbatulla, miguu inamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Watu wa kambi wameanza kuita wakati huu daaba, yaani kusimamishwa, kwa sababu sisi tuliozoea kufuata mvua tumesimamishwa ndani ya waya kama mbuzi wa sokoni. Mimi naandika kutoka Isiolo mjini. Nilipewa kibali cha kuleta mtoto hospitali, kifua kilikuwa kinambana. Sasa anapumua vizuri. Lakini si hospitali tu iliyonileta.

Unakumbuka leso yangu ile nyekundu? Ulitoka nayo hapa hapa Isiolo, ulipokuja kuuza maksai, ukaificha chini ya tandiko la ngamia siku mbili nzima kama umeiba. Nikakusomea maandishi yake: Mlinzi wangu ni Mola. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Kumbe nguo inaongea! Basi mimi nichunge ngamia tu, wewe umeshapata mlinzi." Bado naivaa. Sehemu moja imekosa pindo, na wewe unajua kwa nini.

Nakumbuka pia siku ile kwenye kibanda cha chai, redio ikiwa katikati yenu kama mzee wa kikao. Boru, rika lako, mtu uliyetahiriwa naye, alikuwa amesimama, hakai.

"Bendera ya Mzungu imeshuka, ingine imepanda," akasema. "Nani alikuja hapa kutuuliza?"

Wewe ukamwambia, "Na hao wa redio ya ng'ambo ya mpaka, walikuuliza?"

"Hao angalau wanasema lugha ya dini yangu."

"Boru, hata fisi anajua kusema lugha ya mbuzi akiwa na njaa."

Watu wakacheka, Boru pia akacheka, lakini nilimwona hakumaliza chai. Baada ya siku chache akaenda msituni, kwa wale wenye bunduki wanaoitwa shifta. Alipopita kwetu mchana na wenzake wakitaka maziwa, hakuniangalia usoni. Jioni wakaja askari na lori lao, wakitaka kujua nani aliwapa maziwa. Walipoondoka ukaniambia, "Mama Gumato, siku moja ina serikali mbili, na zote zina kiu." Hukuwa upande wa Boru na hukuwa upande wa lori. Ulikuwa upande wa ngamia watano, mke, mama na mtoto. Sijui kwa nini watu hawa wanaona huo si upande.

Ndipo ikaja amri, kila mtu ahamie Garbatulla pamoja na mifugo, atakayeonekana nje atahesabiwa shifta. Wengine walikimbilia mbali. Wewe ulisema, "Tumeitwa, twende. Mtu anayekwenda mwenyewe hapigwi." Tukapakia. Akko alilia kisima chake kama anazika mtu.

Sasa nifike mahali panaponikaba.

Gumato alikuwa na miezi mitano na homa ilikuwa imemshika siku tatu. Nilimweka juu ya mzigo wa ngamia wa mbele, kwenye kivuli cha mikeka, mimi nikitembea ubavuni. Shingoni mwa ngamia huyo ilikuwa kengele yako ya mbao, ile uliyoichonga mwenyewe tukiwa wachumba. Kila hatua, ko-ko, ko-ko. Kila mlio mtoto anashtuka, analia, anatapika. Wewe ulikuwa umetangulia kuangalia njia.

Mimi ni binti wa duka, Baba Gumato. Ulinioa nikijua kusoma gunia la sukari, sijui kusoma ngamia. Ulinifundisha mengi na hili pia ulinifundisha, kwamba kengele ndiyo salamu ya ngamia, na ngamia wakipita kimya mbele za watu, watu hushika mikuki, kwa sababu wezi ndio huziba kengele. Nililisikia kwa sikio. Lakini mtoto akilia, mama anasahau hata jina lake. Nikashika leso kwa meno, nikararua pindo, nikalisokota na kulisukuma ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukanyamaza. Gumato akalala hapo hapo. Mara ya kwanza kwa siku tatu.

Uliporudi ulisimama. Ulisikia ule ukimya kabla ya kutuona. Ukaangalia kengele, ukaangalia mtoto, kamasi imemkauka, mdomo wazi, amelala. Mkono wako ulienda kwenye kile kitambaa ukarudi. Ukasema, "Acha alale mpaka lagani, kwenye mto mkavu. Tukifika mchangani tutaifungua."

Askari walikuwa lagani.

Wewe sikulaumu, na hao askari nao siku hiyo sijui niwalaumu vipi. Ngamia watano wenye mizigo, wanatembea kimya kama wezi. Mkubwa wao akaingiza kidole ndani ya kengele, akakutana na kitambaa, akauliza, "Nani ameziba hii?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini uliniangalia, na jicho lako likanifunga. Kisha ukasema, "Mimi." Kiswahili chako chote siku hiyo kilikuwa neno hilo moja. Walikuuliza mengine, unapeleka chakula kwa nani, wako wangapi, wana silaha gani, na wewe unajibu mimi, mimi, kama huna neno lingine, na kweli hukuwa nalo. Mimi niliyekuwa na Kiswahili cha madarasa manne nilisimama pale na mtoto kifuani nikanyamaza. Wakakupandisha lori. Walichukua ngamia. Walichukua kengele kama ushahidi. Sisi walituelekeza Garbatulla kwa kidole.

Tangu hapo sijalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Pale kambini kuna askari wa lango, kijana wa Ukambani, rika letu kabisa. Mwanzo nilikuwa nampita bila salamu. Siku moja nimebeba maji akaniuliza, "Mama, hawa ngamia wenu, ni kweli wanakaa wiki mbili bila maji?"

Nikamwambia, "Wanakaa zaidi, wakiogopa bunduki yako."

Alicheka akashika mtungi upande mmoja. Akasema kwao ni watoto wanane, baba yake analima mahindi, na yeye hajawahi kuona mpaka wa nchi mpaka alipoletwa kuulinda. "Nimeambiwa kila mwenye kikoi ni shifta mpaka atoe kipande cha utambulisho," akasema.

"Na mimi nimeambiwa kila mwenye kofia ya chuma ni muuaji mpaka asaidie kubeba maji."

"Basi mimi nimepona," akasema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe unadhani hii vita ni ya nani?"

Swali hilo ninamjibu moyoni hadi leo. Sisi vijana, yeye wa bunduki, Boru wa msituni na wewe wa kengele, tulizaliwa karibu mwaka mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyechora ramani. Neno usalama tunalisikia kwa wenye silaha peke yao, wa huku na wa kule. Mimi sikusoma sana. Nadhani usalama ni mtoto mgonjwa kulala mchana, na asitokee mtu wa kuuliza kwa nini kumekuwa kimya.

Yule kijana ndiye aliyeniambia kwamba vitu vya ushahidi huwekwa Isiolo, na kwamba kuna afisa anayesikiliza watu. Nilipomwambia Akko ninataka kwenda kusema ukweli, alipiga paja.

"Mume wako alikukinga, na wewe unataka kuivua ngao umrudishie?"

"Akko, ngao hiyo ni mtu."

"Na ukifungwa wewe? Huyu mtoto nitamnyonyesha mimi?"

Alinuna mpaka jioni. Asubuhi yake nikamkuta anaifua leso kwa maji yake ya kunywa. Akanirushia. "Kama unakwenda kwa serikali, nenda safi," akasema, akageuka upande wa pili asinione nikiondoka.

Afisa ni mtu wa mlimani, mwenye sweta hata kwenye jua hili, na mafaili yamemzunguka. Alidhani nimekuja kulia, kwa sababu wengi huja kulia. Nikamwambia, "Sikuja kumwombea mume wangu. Nimekuja kusema nani aliziba kengele."

Aliangalia juu. Nikamweleza homa, ko-ko, meno yangu na pindo. Akasema, "Mama, unajua ukisema hivyo naweza kukuweka ndani wewe?"

"Najua."

"Na mtoto?"

"Tutakuja wote. Yeye ndiye aliyelia."

Alikaribia kucheka akajizuia. Akamtuma karani akaenda kutafuta. Kengele yako ililetwa, Baba Gumato. Imefungwa kikaratasi kwa uzi, ina vumbi, imepasuka kidogo pembeni, lakini ni hiyo. Akavuta kile kitambaa. Kilikuwa kimekauka kama ngozi. Nikaivua leso begani, nikaitandaza juu ya mafaili yake bila kuomba ruhusa, nikaweka kipande mahali pake. Kiliingia, uzi kwa uzi, doa kwa doa. Afisa alipitisha kidole pale penye mshono usiokuwepo.

Kisha akauliza swali nililoliogopa. "Kwa nini hukusema siku ile?"

Nikasema, "Kwa sababu alinipenda mbele ya askari, na mimi nikaogopa mbele ya askari." Sijui kama hilo linaandikika, lakini aliandika kitu.

Alipomaliza akanisogezea wino niweke kidole. Nikamwambia nitasoma kwanza. Akashangaa, akaigeuza karatasi. Nilisoma yote. Kule juu alikuwa ameandika, maelezo ya mke wa shifta. Nakuambia kweli, nilitaka kuondoka. Lakini nikaweka kidole juu ya neno hilo nikasema, "Hili bado hamjalijua. Likate."

Tuliangaliana. Karani aliacha kuandika. Afisa akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja, akaandika juu yake: mchungaji. Ndipo nikatia sahihi jina langu kamili, kwa herufi za darasa la nne.

Hajaniahidi kitu. Ameniambia karatasi itakwenda kwa walio juu yake, na hajui uko kambi gani sasa, nami nimeamua kuamini kwamba uko. Hakunifunga. Amesema jambo moja tu, na ni kwa ajili ya hilo nakuandikia. Watakuita, watakuuliza tena nani aliziba kengele. Maneno yako na yangu yakikutana, faili litafunguliwa upya. Yakipishana, mimi nitakuwa mwanamke muongo anayemtetea mumewe, na karatasi yangu itatupwa.

Nakujua. Utasema, "Mimi." Utasema hata usingizini. Baba Gumato, neno hilo lilinifikisha salama Garbatulla mimi na mtoto, na nitakushukuru mpaka kaburini. Sasa liache. Safari hii usinikinge. Ukiulizwa nani aliziba kengele, sema, "Mama Gumato." Nimekuandikia maneno hayo hapa mwisho kwa herufi kubwa ili anayekusomea akufundishe kuyatamka bila kigugumizi. Hao wanaosoma barua hii wasidhani nakufundisha uongo. Nakufundisha ukweli, ndio uliokushinda.

Kasirika ukitaka. Ukirudi utanigombeza mwaka mzima, nami nitakupikia nikikusikiliza.

Jambo moja nimebakisha. Yule afisa alipokwisha kutoa kitambaa aliinua kengele airudishe kwa karani, na ikalia mara moja tu, ko. Gumato alikuwa sakafuni anachezea kamba ya kiatu changu. Hajaisikia sauti hiyo tangu akiwa mchanga. Akaacha kamba, akasimama, akageuka akauangalia mlango, akabaki pale anangoja nani anaingia.

Nasi tumebaki hivyo hivyo, nyuso mlangoni. Njoo.

Mkeo, aliyeziba kengele,

MAMA GUMATO