Usiizime Mpaka Nirudi

Moshono, 9 Juni 2025

Mwanangu Violet,

Pokea salamu. Mimi mzima, ni baridi tu inayotutesa, na Mlima Meru haujaonekana wiki nzima. Natumaini huko Poland unakula na kazi inaendelea. Usinipigie simu. Kuongea bado siwezi, kuandika naweza.

Nina shida na kompyuta ya marehemu mdogo wako. Siku ya kugawa vitu vya Ndesanjo, wazee wa ukoo walisema aichukue Philemoni wa Sombetini, maana anaanza chuo Oktoba. Nikawaambia nitampa ikishakuwa sawa. Kila nikiiwasha inataka kujisasisha. Inaandika kwa Kiswahili, kama alivyoniwekea mwenyewe ili nami nisome: "Tunasasisha. Usizime kompyuta yako." Inahesabu asilimia, halafu nikiiwasha tena inasema imeshindwa, inarudisha yote yalivyokuwa. Hiyo ndiyo kazi yako, basi nielekeze.

Ni mimi mama yako.

Warsaw, 11 Juni 2025

Shikamoo mama,

Mimi mzima, nakula, usiwe na wasiwasi. Umenichekesha kidogo kuweka tarehe kwenye meseji ya simu. Mwalimu hastaafu.

Tatizo hilo naliona kila siku hapa kazini. Mara nyingi nafasi huwa imejaa. Futa vitu alivyopakua, lakini picha zake usiziguse. Chomoa flashi na kila kilichochomekwa, ubaki na chaja peke yake, maana betri ile ilikufa zamani na bila umeme wa ukutani haiwaki. Kisha iruhusu isasishe na uiache. Inachukua saa kadhaa.

Shangazi Kandida anasema huendi kusali jumuiya siku hizi. Unalala vizuri?

Mwanao Violet.

Moshono, 2 Julai 2025

Violet mwanangu,

Salamu. Afya njema. Nimefuta kama ulivyosema, imeshindwa. Nikampelekea Gadiel, yule fundi wa mjini, akaniwekea hilo sasisho kwenye flashi. Nalo limeshindwa. Nalala.

Migomba imeanguka miwili kwa upepo.

Mama yako.

Warsaw, 20 Agosti 2025

Shikamoo mama,

Nimekaa kimya, nisamehe. Asante kwa picha ya ule ukurasa niliokuomba, ule ambao kompyuta huandika yenyewe mambo yaliyoipata.

Nimeusoma mara mbili. Sasisho halina kosa, mama. Kila mara inaandika kwamba imekatika umeme ghafla, na kila mara imebaki kidogo imalize. Nawajua watu wa umeme wa kwetu, lakini hawana nidhamu hiyo.

Mama, ni wewe unayechomoa?

Mwanao Violet.

Moshono, 27 Septemba 2025

Mwanangu,

Salamu. Swali lako nimekaa nalo mwezi mzima. Ndiyo, ni mimi.

Asubuhi ile Ndesanjo aliiwasha akaanza kuisasisha, akasema anakwenda Daraja Mbili kuitafutia betri. Akiwa mlangoni akaniambia, "Mama, usiizime mpaka nirudi. Ikifika mia nitakuwa nimesharudi." Nikakaa karibu nayo, nachambua mchicha. Waliponipigia kwamba amegongwa na gari, ilikuwa bado inahesabu. Jioni nyumba ikajaa watu, spika ya kwaya ikahitaji umeme, mtu akachomoa chaja kabla haijafika mia. Sijui ni nani na sitaki kujua.

Tangu hapo, kila ikikaribia mia, mkono wangu unachomoa. Silii, Violet. Kandida anawaambia watu nimejikaza, kumbe sijikazi. Hakuna kitu ndani. Naona sahani, naiosha. Naona mlango, naufunga. Lakini isipofika mia, yeye hajachelewa.

Mama yako.

Warsaw, 28 Septemba 2025

Shikamoo mama,

Leo sina ufundi wa kukuelekeza.

Siku mliyomzika nilikuwa kazini, nikimsaidia mtu aliyesahau neno lake la siri. Nilikwambia karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa hazijatoka, kwamba ningeondoka nisingeweza kurudi. Ilikuwa kweli, lakini niliona nafuu, mama. Nisipoliona kaburi, kwangu mimi bado yuko Moshono anakusumbua juu ya chakula. Naona aibu kuandika hivi.

Ukitaka, nitamwambia Philemoni kompyuta imekufa kabisa, nawe ubaki nayo. Uongo huo naumudu. Ukitaka imalize, basi siku hiyo usikae karibu na ukuta. Uamuzi ni wako.

Mwanao Violet.

Moshono, 16 Oktoba 2025

Mwanangu Violet,

Mimi mzima. Leo mlima uko wazi hadi kileleni.

Jana niliiwasha, nikakaa kwenye kiti cha mbali, mikono nimeikalia kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikafika tisini. Ikafika mia. Ikajizima, ikawaka yenyewe, ikaandika, "Karibu, Ndesanjo."

Nikautazama mlango. Nikautazama mpaka maharage yakaungua jikoni. Nikasema kwa sauti, "Umechelewa, baba." Ndipo nikalia, na Hedwiga wa jirani akaja mbio akidhani tumepata msiba mwingine. Nikamwambia hapana, ni uleule.

Kisha nikaizima, kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha. Picha zake Gadiel amezihamishia kwenye flashi, iko kabatini, ni yako. Philemoni anakuja Jumamosi.

Karatasi zako zikitoka, njoo twende kaburini, mimi nawe tu. Na leo jioni ukitoka kazini nipigie. Nitapokea.

Mama yako.