Paa la Pili la Gari la Wagonjwa

Kindu, Jumatatu, 4 Februari 1957

Nimeosha gari, nimejaza maji kwenye rejeta, nimeongeza mafuta ya injini kidogo. Safari ileile: kuvuka mto Lualaba, kushika njia ya Kalima, kuchukua wagonjwa kwenye vituo vitatu vya dawa, kurudi hospitali kabla ya jioni. Muuguzi Anselemi amekaa nami mbele. Nyuma wagonjwa watano.

Gari hili jipya silipendi. Lile la zamani lilikuwa jeep ya turubai. Vumbi liliingia, upepo nao uliingia. Hili ni bati tupu, juu na pembeni. Chumba cha wagonjwa kina benchi mbili na madirisha mawili madogo, vioo vyake havifunguki. Matope ya msituni linayapanda yote, hilo nakubali. Lakini jioni nikifungua mlango wa nyuma, hewa inayotoka inanirudisha hatua.

Wagonjwa hawalalamiki. Wanashuka wamelowa jasho, wananishukuru. Shukrani zao zinanikera.

Jumatano, 6 Februari

Mtu amefia garini mwangu.

Naandika kwa utaratibu. Kituo cha mwisho, panapotoka njia ya Pangi. Mwanamume mmoja, Kitenge, alimleta dada yake mgongoni. Jina la dada, Feza. Umri kama wa mke wangu. Alikuwa na homa na udhaifu, lakini alisema vizuri, alinisalimia, aliuliza kama hospitali wanapika chakula. Nafasi ilibaki moja tu, kaka hakuweza kupanda. Alinishika mkono.

"Baba shoferi, nakuachia dada yangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Tulifika kivukoni saa sita mchana. Baki, pantoni letu, lilikuwa ng'ambo ya pili. Liliporudi, malori ya madini yalipita kwanza, ndivyo ilivyo pale siku zote. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sisi juani. Bwana Ajenti, mzungu anayesimamia magari ya afya, alitoa amri mwezi uliopita: wagonjwa wasishuke njiani, mlango ufungwe kwa ufunguo, wasije wakaambukiza watu wa kivukoni. Ufunguo ninakaa nao mimi.

Mimi na Anselemi tulikaa kwenye kivuli cha kibanda. Wakagonga bati. Nilisikia. Wakagonga tena. Nilimtazama Anselemi.

"Amri njo amri," alisema, akatazama chini.

Nikabaki nimekaa. Hata muhogo nilikula.

Tulipovuka nikafungua. Wenzake wanne walikuwa wamemlaza sakafuni, wanampepea kwa kitambaa. Feza amekwisha. Nilipiga goti pale karibu naye, nikainuka upesi. Sakafu ilikuwa inaunguza.

Alhamisi, 7 Februari

Anselemi ameandika kwenye karatasi: homa kali. Nimeona akiandika. Sikusema neno.

Wamemzika makaburi ya hospitali. Hapakuwa na ndugu hata mmoja. Nilisimama nyuma kabisa.

Mama Aziza ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia ni tumbo. Miaka kumi na minne ya ndoa, naye anajua sura yangu ya tumbo na sura yangu ya uongo. Ameondoa sahani.

Naogopa. Si wazungu. Namwogopa yule kaka.

Jumamosi, 9 Februari

Leo gari halikutoka. Nimelisimamisha juani nyuma ya garaji, nikaacha injini inawaka, nikaingia chumba cha wagonjwa nikavuta mlango. Nilitaka kukaa muda ule tuliowaacha ndani. Sikufika hata nusu. Masikio yalivuma, macho yakaingia giza. Nilitoka nikatapika kwenye majani.

Sasa najua alichokiona Feza.

Baadaye nilirudi na mshumaa, nikaukata vipande. Kimoja nilikibandika ndani ya paa, vingine ukutani, vingine sakafuni, kimoja kwenye bati linalotutenga na injini. Kisha nikaketi mlangoni nikiangalia. Cha paa kilidondoka kwanza. Kikafuata kuyeyuka cha sakafuni, palepale linapopita bomba la moshi kwa chini. Vya ukutani na cha upande wa injini vilichelewa sana.

Basi adui ni wawili: jua juu, bomba chini. Nimejisikia vizuri kwa dakika moja, nikaona aibu kujisikia vizuri.

Jumapili, 10 Februari

Nimepaka paa chokaa nyeupe, nimetia chumvi ndani ili ishike. Nimeweka kiganja saa saba: bati linashikika. Jana nisingeweza.

Jumanne, 12 Februari

Mvua ya alasiri imeondoa chokaa yote. Imetiririka juu ya vioo, gari limekuwa kama limelia. Bwana Ajenti ameuliza uchafu gani huu. Nimeosha.

Alhamisi, 14 Februari

Nimekosea. Nililowesha magunia nikayatundika ndani, pande zote, nikidhani maji yatapoza kama mtungi unavyopoza. Mtungi unakaa kwenye upepo. Mle ndani hakuna upepo, na hewa yetu ya Kindu ina maji tayari. Ikawa kama chungu kilichofunikwa. Mzee mmoja wa kifua alikohoa mpaka akakosa pumzi. Nilisimamisha gari porini, nikayararua magunia, nikayatupa.

Mlango sikuufunga tena kwa ufunguo. Anselemi aliona. Akapanda mbele, tukaondoka.

Nimechoka. Nataka kuomba kazi nyingine. Lakini mwingine akipewa gari hili ataufunga mlango.

Ijumaa, 15 Februari

Amekuja.

Nimetoka msikitini, nimemkuta Kitenge amesimama mlangoni mwa garaji, baiskeli ya kuazima, miguu vumbi tupu. Habari zilimfikia kwa mdomo wa watu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliuliza dada yake alikufa vipi. Nilisema homa ilimzidi. Aliuliza ilikuwa wapi. Nilisema njiani. Aliuliza kama aliomba maji.

"Tulimupa," nilisema.

Uongo. Sikufungua mlango hata kumpa maji.

Akanishukuru. Amesema atakaa kwa mama yake mdogo, mtaa wa Mikelenge, mpaka matanga yaishe. Akaenda kwenye kaburi, nikamwonyesha njia kwa kidole. Sikuthubutu kumsindikiza.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeandika ili nisisahau.

Jumatatu, 18 Februari

Bwana Ajenti amekwenda Kibombo, atakaa siku tatu. Gari liko garaji kwa ajili ya breki. Nimeanza.

Paa kwanza. Nimefunga fito za mianzi juu ya bati, nimeziinua kwa vipande vya mbao, vidole vinne kati ya bati na fito, ili upepo upite katikati. Juu ya fito mikeka, juu ya mikeka turubai la ile jeep ya zamani, nimelipaka rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki walipopaka vitanda vya hospitali. Jua litapiga turubai. Bati litakaa kivulini.

Jumanne, 19 Februari

Chini. Nimepasua pipa la mafuta, nimelinyoosha kwa nyundo, nimelining'iniza kati ya bomba la moshi na sakafu bila kugusa chochote. Ndani, juu ya sakafu, mbao, na juu ya mbao magodoro membamba ya sufi. Mama Aziza ameyashona yeye. Hakuuliza ni ya nini. Alipomaliza uzi wa mwisho nikamwambia yote: mlango, kugonga, muhogo. Alisikiliza. Akakunja godoro la mwisho.

"Utamwambia kaka yake," alisema. Halikuwa swali.

Jumatano, 20 Februari

Leo nimekata bati la serikali. Tundu mbili mbele juu, chini kidogo ya paa, mbili nyuma. Hewa iingie huku, itoke kule. Nimeziba kwa wavu wa mbu. Wavu ameuleta Anselemi bila mimi kumwomba. Ameshika bati wakati nakata. Amesema tangu siku ile halali vizuri. Sikumjibu kwa wema. Nilimwambia Feza analala vizuri. Nimejuta.

Jioni vipande vya mshumaa tena, injini inawaka, kama mara ya kwanza. Cha paa kimebaki mahali pake. Cha sakafuni kimelegea tu.

Alhamisi, 21 Februari

Bwana Ajenti amerudi asubuhi. Amelizunguka gari mara mbili, uso mwekundu. Amesema limekuwa kibanda cha sokoni. Ameweka kidole kwenye tundu, akauliza nani alinipa ruhusa kutoboa mali ya serikali. Nilisema hakuna. Aliuliza nani alinisaidia. Anselemi alikuwa amesimama pale, hatua tatu. Nilisema hakuna.

Nilijaribu kumweleza kuhusu joto. Alisema watu wa hapa wamezaliwa kwenye joto.

Kesho naingizwa ndani siku saba. Gari amepewa shoferi mwingine. Paa langu litabomolewa Jumamosi.

Ijumaa, 1 Machi

Nimetoka asubuhi. Kule hakuna kalamu, ndiyo maana kurasa hazina kitu. Tulikata majani barabarani, tulilala chini. Sina la kusema zaidi. Mwili unauma.

Mama Aziza amenipa habari nikiwa naoga. Jumamosi ile Anselemi alikwenda kwa Munganga Mukubwa, daktari mkuu mwenyewe, akamweleza kwa mdomo wake yaliyotokea kivukoni. Daktari akaja garaji na kipimajoto, akaketi ndani ya gari saa nzima na mlango umefungwa, watu wote wakitazama. Alipotoka alisema paa libaki, tundu zibaki, na mlango usifungwe tena kwa ufunguo. Mimi nirudi kwenye gari. Adhabu nayo ibaki, kwa sababu sikuomba ruhusa.

Karatasi ya Feza haijabadilishwa. Bado inasema homa kali. Na malori ya madini bado yanatangulia.

Anselemi amepita kunisalimia. Nimemwomba msamaha kwa lile neno. Tumekunywa kahawa.

Jumapili, 3 Machi

Nimekwenda Mikelenge. Nilimkuta Kitenge nyuma ya nyumba ya mama yake mdogo, anapalilia mihogo. Anarudi kwao kesho. Nilimwomba tukae. Nilimwambia yote, tangu mwanzo, bila kumficha lolote. Kwamba waligonga nikasikia. Kwamba ufunguo nilikuwa nao. Kwamba maji hatukumpa. Kwamba nilikula.

Nilitegemea jembe. Nilikuwa tayari.

Alikaa akisugua udongo kwenye vidole. Kisha akasema anataka kuliona gari.

Tulikwenda kwa miguu, jua limesimama utosini. Alilitazama nje, akapanda nyuma, akaniuliza dada yake alilala wapi. Nikamwonyesha. Akakaa palepale, kwenye godoro, akaniambia nifunge mlango na niwashe injini. Nikafunga, nikawasha. Nilisimama nje juani. Sikujua nisimame muda gani. Sikuwahi kungoja hivyo maishani.

Alifungua mwenyewe. Paji la uso lilikuwa na jasho kidogo, kama la mtu aliyetembea. Aliinua macho kwenye fito, akagusa turubai, akachungulia lile bati la pipa chini.

"Ulilitengeneza kwa siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Siku tatu," alisema.

Akarudia kwa sauti ya chini, mara moja tu, si kwangu. Kisha akaenda. Hakunilaani. Hakunisamehe. Nilitazama mgongo wake mpaka akapotea kwenye kona ya barabara ya stesheni.

Siku tatu. Na gari nilikuwa nalo tangu Desemba.

Jumanne, 5 Machi

Safari ya Kalima. Njia imekauka vizuri, breki nzuri. Wagonjwa wanne. Mmoja mama mjamzito mwenye miguu iliyovimba, wawili wa malaria, na mzee mmoja aliyeumia nyonga.

Kivukoni malori sita mbele yetu. Nilifungua mlango wa nyuma wazi, nikawapa maji, kikombe kimoja kimoja. Nikaegesha gari ubavu kwa upepo wa mto. Mama mjamzito alikuwa anasuka ukili. Anselemi alimpima joto kila mmoja, akaandika.

Nilikwenda kumwamsha mzee anywe. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, anakoroma taratibu. Nikamwacha.

Zamu yetu imefika saa tisa.