Kikombe cha Bati cha Mama

Nyumba ya kona, mlango wa kijani,
Jumapili, tarehe 28 Desemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu kutoka jikoni kwangu, ambako bado kunanukia maganda ya machungwa. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi wazima, ila mkono wangu wa kulia unauma kwa kukoroga, na safari hii maumivu yenyewe nayafurahia.

Unajua wifi yetu, Madoido, alikaa kwangu mwaka mzima na zaidi wakati kaka anajenga. Alinakili daftari la mapishi la Mama, akaoka kwenye oveni yangu, na kwenye mauzo ya keki ya sikukuu mwaka jana akasimamisha kibao: "Keki ya machungwa, siri ya familia yangu." Yangu! Mkuu wa kantini ya wauguzi, ambaye kila mwaka huchagua mwokaji hapo hapo, akampa oda iliyokuwa yangu: keki kumi na mbili kila wiki. Mimi niliyeanza na sufuria moja juu ya makaa nikasukumwa meza ya karibu na choo. Uliniandikia nisamehe. Nilisoma, nikakunja barua.

Mwezi huu wamehamia kwao, na Madoido amenunua vikombe vya kupimia vipya, vya rangi rangi. Akavifungua mbele yangu. Nikavisifu.

Dada, daftari linasema vikombe vitatu vya unga. Vikombe gani? Ni kile cha Mama cha bati, chenye mpini uliokatika, ambacho Madoido alikuwa akipimia kwangu bila kujua ameshika nini. Kinabeba gramu mia na themanini. Vile vyake, mia na thelathini. Unga, sukari na mafuta vyote vinapungua, lakini mayai yanabaki sita, maana mayai hayapimwi kwa kikombe. Keki ya hivyo huumuka kwa mbwembwe, halafu katikati inajikalia.

Akaja siku mbili kabla ya mauzo ya mwaka huu, kila keki aliyooka kwao imebonyea. "Wifi, hivi oveni yako ina nini?"

"Imenizoea tu," nikamjibu, nikamwekea chai.

Nilijua ataziba mashimo kwa krimu, jina la Madoido hakulipata bure. Basi nikamwendea fundi cherehani, mwenyekiti wetu wa mauzo, nikaomba kila keki ikatwe mbele ya wateja. Akaona ni haki.

Kisu kilipozama kwenye keki ya Madoido, krimu yote ikaanguka ndani kama godoro lililokatikiwa na chaga. Fundi akainama, akachungulia. "Mama, hii keki umeioka au umeitia kiraka?" Ukumbi mzima ukacheka. Mkuu wa kantini akaja kwangu, akala vipande viwili, oda ikarudi, na meza nzuri ya mlangoni nikapewa mimi.

Madoido akanifuata huku anafuta mikono. "Wifi, ulijua?"

"Tangu ulipofungua boksi."

Kaka hanisemeshi, leo siku ya tano. Na asinisemeshe. Mwaka jana alikiona kile kibao, na midomo yake ilikuwa na kazi ya kula tu.

Msalimie shemeji, mabinti, na shangazi yetu hapo kwako. Mungu akunyooshee goti na akulinde na mgeni mwenye kalamu.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kikombe cha Mama, nimekifunga kwa taulo. Kaa nacho wewe. Mimi namba ninayo kichwani, na humo hakuna wa kunakili.

Mdogo wako akupendaye, wa meza ya mlangoni.