Wimbo wa Nyemo na Waitikiaji Wake

Torino, 6 Aprili 2024

Mama mkubwa Ruthu,

Shikamoo. Hamjambo hapo Makutupora? Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaondoka kwa kujivuta.

Kaa chini kwanza. Unajua nilikoanzia: gitaa, nyimbo nilizotunga mwenyewe kwa Kiitaliano, na baa ambako hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye sahani. Miaka yote hiyo! Jumamosi iliyopita nimeimba kwenye ukumbi mkubwa wa hapa, ule wimbo niliomtungia marehemu mama. Mama mkubwa, watu walinyamaza. Ukumbi mzima, hata kikohozi hakikusikika. Nimekutumia video, waonyeshe na wenzako.

Mwanao,
Devota

Makutupora, 14 Aprili 2024

Mwanangu Devota,

Marahaba. Sisi wazima, kifua kimepona, mavuno yamekwisha na sasa tunapogoa mizabibu.

Niliwaonyesha video akina mama wenzangu wa ngoma, tumepumzika shambani. Mdogo wangu Nyemo nilimzika mwenyewe, na leo sauti yake inatoka kwenye simu! Lakini ulipomaliza mstari wa kwanza tukasubiri. Wa pili, kimya. Mama Ludovick akauliza, "Mbona hawamwitikii? Kawakosea nini?"

Niambie ukweli. Kwetu mtu akiimba, wenzake huitika. Akiachwa aimbe peke yake, amesuswa. Ukumbi mzima umekususia na wewe unafurahi? Leo Jumapili tumekuombea kanisani, na jina lako likatajwa. Kama Wazungu wamekukataa, rudi. Ulipoondoka na baba yako sikusema mlango umefungwa.

Mama yako mkubwa,
Ruthu

Torino, 16 Aprili 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Huku kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Ukifungua mdomo unatazamwa kama mwizi. Waambie akina mama sijasuswa. Maombi nayapokea hata hivyo.

Mwanao,
Devota

Torino, 2 Juni 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Nisamehe kwa ukimya, mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Niliwacheka, sasa sicheki. Kampuni inayotoa nyimbo zangu iliniita. Albamu mpya haiendi. Wanasema watu wanazisifu nyimbo zangu, wanapiga makofi, kisha wanakwenda zao. Hakuna anayeziimba njiani. Julai nitaimba kwenye tamasha, uwanja wa wazi. Nisipowashika watu siku hiyo, mkataba umekwisha, na kuimba nitaacha. Tangu baba afariki, gitaa ndilo ndugu yangu huku. Naogopa, mama mkubwa. Ule wimbo, nyinyi mngeuitikiaje?

Mwanao,
Devota

Makutupora, 11 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Lia, kisha unawe uso.

Tumejaribu kuuitikia wimbo wako, tumeshindwa. Kila mstari unaishia kwa jina la mama yako, na sisi tungelirudisha jina hilohilo, Nyemo, basi. Lakini Mama Ludovick kila akitaka kuingia anakukuta umeshaanza neno jingine. Umeujaza wimbo kama gunia la mahindi, hakuna pa kutia mkono. Sikulaumu. Aliyezoea upweke huongea bila kupumua.

Kiitaliano sijui, na muziki wa huko siujui. Kama nilivyokuombea kwa kosa, huenda na hili nakosea. Ila mwimbishaji wetu akimaliza mstari hunyamaza akangoja, hata kama anaogopa. Basi ngoja, mwanangu. Nakutumia sauti zetu. Muheme nimepiga mwenyewe, na kuibana ngoma ile kwa umri huu, mapaja yananiuma mpaka leo.

Mama yako mkubwa,
Ruthu

Torino, 21 Julai 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Hamjambo wote? Mimi sijui nikuambie niko vipi.

Nilingoja. Nilimaliza mstari wa kwanza, nikataja jina la mama, nikanyamaza. Maelfu ya watu mbele yangu, hakuna aliyeitika. Anthony, anayenisimamia kazi, alikuwa pembeni kashika kichwa. Mstari wa pili, kimya kilekile nilichokisifu kwako. Nilitaka kukijaza, Mungu anajua nilivyotaka. Nikajizuia.

Mstari wa tatu, bibi mmoja mbele akalitaja jina, taratibu. Waliokuwa nyuma yake wakalipokea. Kisha uwanja wote, mama mkubwa! Nyemo, Nyemo, watu wasiomjua, wasiojua Dodoma iko wapi. Ilikuwa sauti kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia, na ilikuwa inamwita mama yangu. Nilishindwa kuimba. Waliendelea wao.

Mkataba nimesaini jana. Ila kitu kimoja kinanishangaza mpaka sasa: ile mistari miwili ya kwanza, peke yangu pale mbele, niliwezaje kusimama?

Mwanao,
Devota

Makutupora, 24 Julai 2024

Mwanangu Devota,

Marahaba. Hatujambo, sauti tu ndizo zimetukauka.

Tamasha lilikuwa linaonekana kwenye simu moja kwa moja. Tulikusanyika uani kwangu na baridi hii ya Julai, tumejifunga khanga juu ya masweta, ngoma mapajani. Tulikuona. Ee Mungu, yule mtoto niliyemwogesha, na watu wote wale! Wengine walishindwa kupiga, wakabaki wanalia tu.

Lakini peke yako hukuwa. Mstari wa kwanza tuliitika sisi. Wa pili tukaitika sisi. Waitaliano wako waliingia wa tatu.

Mama yako mkubwa,
Ruthu