Aliyekata Ngozi ya Karabai

Jumatatu, 14 Juni 1982
Taa za karabai tatu nimetengeneza tangu asubuhi, zote zimekufa pampu. Ya kanisa ina masizi kama chungu cha msibani. Barua yangu ya Ulaya imejibiwa. Niliwauliza nani alibuni karabai, wamenitumia orodha ya bei. Jina lililogongwa kwenye tangi ni la muuzaji. Aliyeumiza kichwa hajulikani. Basi nitawaandika daftarini wabunifu wa huku kwetu, ambao hata orodha ya bei hawana.

Jumamosi, 19 Juni
Nyarugusu. Nimempata aliyebuni ngozi ya pampu. Mama Kulwa, mjane, anauzia wachimbaji dhahabu chai na maandazi. Spea zilipoadimika alikata kiatu cha marehemu mumewe, akaloweka ngozi kwenye samli siku mbili, akaiviringisha kwenye gunzi mpaka ikawa kikombe cha pampu, kile kinachosukuma hewa. Leo mafundi wote mpaka Segese tunakata hivyo, na kila mmoja anasema kabuni yeye. Hata mimi nimeshasema.
Nimemwambia nitaipeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba. Amenionyesha yote. Sharti moja.
"Jina langu uliandike, fundi. Shemeji zangu wanataka kuninyang'anya kibanda, eti kila kilichomo ni akili ya kaka yao. Wakilisikia Saba Saba, mbele ya wakubwa, watanywea."
Nimeahidi.

Jumapili, 27 Juni
Daftari nimempa Mwalimu Shija. Tulianza shule pamoja. Mimi niliishia darasa la nne, yeye akaendelea. Ana meza kwenye maonyesho ya Saba Saba Kahama. Kadi ya maelezo ataandika yeye. Mwandiko wangu kama kuku kapita.

Jumatano, 7 Julai
Kahama. Kadi mezani imeandikwa kwamba mbunifu ni marehemu baba yake Shija. Mzee yule alichunga ng'ombe maisha yake yote, hakuwahi kumiliki hata kibatari. Nikamvuta Shija kando.
"Huyu kaingiaje hapa?"
"Punguza sauti, bwana. Mama wa machimboni nani atamwamini? Na mzee kafa, nani atamuuliza?"
Mgeni rasmi akafika. Akasoma, akanigeukia.
"Fundi, ndivyo?"
Shija akaniangalia.
"Ndivyo, mheshimiwa."
Wakapiga makofi.

Alhamisi, 8 Julai
Sijafungua kazi. Namchukia Shija. Nimekula kwake, kala kwangu, mwanangu wa kwanza ana jina lake. Kanisaliti, na mdomo aliotumia ni wangu.

Ijumaa, 16 Julai
Shija kaleta daftari, na jogoo juu yake. Kurasa za Nyarugusu zimekatwa kwa wembe. Safi, bila kuchana. Mwalimu ni mwalimu.
Jogoo tumemla. Mgumu.

Jumapili, 18 Julai
Nyarugusu. Nje ya kibanda shemeji wawili walikuwa wanapima kiwanja kwa hatua, mmoja akihesabu kwa sauti.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, fundi. Kaa."
Habari ilishafika. Malori ya Kahama hayabebi mizigo tu.
"Ulikuwepo?"
"Nilikuwepo."
"Wakakuuliza?"
"Waliniuliza, mama."
Akanimiminia chai. Alikuwa na ngozi mapajani, kisu mkononi. Akageuka, akanipa mgongo, akafunika mikono kwa kanga nisione, akaendelea kukata.
Nilimaliza chai. Nikaaga.